Makopo Mawili ya Maziwa

Chuma chenye mafuta hukijui kwa macho. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa karakanani, na naanza nalo kwa sababu mengine yote yametoka hapo. Ukichukua beringi iliyooshwa ukaipangusa kwa kitambaa itang'aa, nawe utaapa kwamba ni safi. Sasa iinamishe kidogo uimiminie maji safi polepole. Kama mafuta bado yapo, maji yataachana na kujikunja kuwa matone, kama jasho kwenye kipara. Kama mafuta yametoka yote, maji yatatandaa kama shuka lililonyooshwa kitandani, na hutaona tone. Jaribu nyumbani kwako kwa sahani iliyokuwa na nyama ya mafuta, utaona. Ni jambo dogo na mtu yeyote analijua kwa siku moja. Mimi pia nililijua kwa siku moja. Kilichonichukua muda mrefu ni kujua kile ambacho maji hayo hayakuambii.

Nilizaliwa Kwamsisi, nikaolewa kwenye kambi ya shamba la mkonge, upande wa barabara inayotoka Korogwe kwenda Handeni. Nilifanya kazi chumba cha brashi, mahali ambapo singa, yaani nyuzi za mkonge zilizokaushwa, hupigwa mpaka zilainike zifungwe marobota. Ilikuwa kazi ya vumbi na kikohozi, lakini tulikuwa wanawake wengi na tulikuwa tukiimba. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa Korogwe, maduka yakapata bidhaa tulizokuwa tumezisahau, na mashirika ya umma yakaanza kutafutiwa wanunuzi. Shamba letu nalo likaingia kwenye orodha. Korona, ile mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge, ikazimwa Jumatatu moja asubuhi, na tukasikia ndege ambao hatukuwahi kujua kwamba wapo.

Wanawake wengi wa brashi waliambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa. Hawakuitwa. Wanne tulipelekwa karakanani, kwa sababu mitambo yote ilitakiwa kufunguliwa, kuoshwa na kupangwa sakafuni ili wanunuzi waione. Fundi mkuu, mzee Msambaa wa Kwashemshi aliyekuwa amezifunga mashine zile kwa mikono yake tangu ujana, alitupokea mlangoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatuonyesha rundo la vyuma vyeusi lililotufika kifuani.

"Wanangu," alisema, "hapa tunaosha maiti. Kwa hiyo osheni kwa adabu."

Tulicheka siku hiyo. Baadaye niliona kwamba hakuwa anatania sana.

Nitaeleza kazi yenyewe polepole, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Kwanza tulikwangua grisi nene kwa vijiti na kuipangusa kwa singa fupi, zile takataka za brashi, ambazo hunywa mafuta kuliko kitambaa chochote. Pili, chuma kililala kwenye pipa lililokatwa nusu, ndani ya mafuta ya taa, mpaka uchafu uliogandamana ulegee. Tatu, tulikisugua kwa brashi kwenye beseni la kile tulichokiita dawa. Nne, maji ya moto yenye magadi. Tano, maji safi ya baridi, na hapo ndipo tulipotazama kama yanatandaa au yanaachana. Mwisho ni jua, juu ya mabati, mpaka jioni.

Ile dawa ilikuwa ngeni kwetu. Zamani walitumia mafuta ya taa peke yake, fundi alituambia, na kazi ya siku mbili ilikuwa ya siku mbili. Ruksa ndiyo iliyoleta dawa, kupitia mfanyabiashara wa mjini, katika mapipa yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Ilikuwa nyeupe kama maji. Ukitia mkono unahisi baridi kali, na ukiutoa unakauka kabla hujaupepea, ngozi imekuwa nyeupe kama ya mtu aliyeshika chokaa. Ilikula mafuta kwenye chuma, na ilikula mafuta kwenye mikono yetu vilevile. Vidole vikapasuka, na nilipotia chumvi kwenye mboga nilitoa machozi. Harufu yake mwanzoni ilikuwa tamu na kali, ikituingia kichwani. Ikifika saa tano tulikuwa tunachekacheka bila sababu, na saa nane tunaumwa kichwa. Mwezi wa pili harufu ikaacha kunisumbua. Nilidhani nimezoea. Niliwaambia wenzangu kwa furaha kwamba mwili hujifunza.

Kila asubuhi, langoni kwa karakana, alipita mwanamke wa Kimasai anayeuza maziwa. Kwao kulikuwa uwandani, upande mkavu wa Handeni, na alitoka huko kwa miguu na vibuyu viwili mgongoni. Sisi tulimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa, na yeye alituita sote "rafiki", hata fundi. Tulimwamkia "Takwenya!" kwa sauti kubwa ya kujionyesha, naye akaitikia "Iko!" huku akicheka matamshi yetu. Mimi na yeye tulikuwa rika moja. Alikuwa akiketi kando ya beseni langu apumzishe miguu, ila alikuwa akifunika pua kwa shuka, akiniuliza kama ndani ya lile beseni kuna mnyama aliyekufa.

Maziwa yalikuwa yake. Nieleze na hilo. Kwao ng'ombe ni wa mume, lakini maziwa ni ya mke, na anachopata kwa maziwa hakiulizwi. Alikuwa mke wa kwanza, na mke mwenzake alikuwa kijana, mwenye ulimi, ambaye tayari alikuwa akipewa ng'ombe wa kukamua ambao zamani walikuwa wake yeyo. Safari ya Korogwe ilikuwa kitu pekee ambacho mwenzake hakuwa amekigusa. Aliniambia siku moja kwamba akiacha kwenda mjini hata wiki mbili tu, yule mwingine atakwenda, naye yeyo hataipata tena njia yake.

Mwaka ule mabasi yaliongezeka, na pale yanaposimama Korogwe mtu mmoja alifungua hoteli ya chai. Akawa mteja mkubwa wa yeyo. Halafu akasikia kwamba bwana afya anapita, akamwambia yeyo kwamba hataki tena vibuyu. Abiria wa siku hizi wanasema maziwa yananuka moshi. Alitaka chombo cha chuma, chenye kifuniko, na alimpa mpaka Jumamosi.

Yeyo aliniletea habari hiyo akiwa amekasirika kweli. Moshi ndio usafi, alisema. Na kwao ndivyo. Kibuyu cha maziwa hawakioshi kwa maji, kwa sababu maji huwa mbali na mara nyingi ni machafu. Wanachoma kijiti cha mti maalumu mpaka kiwe kaa, wanakiingiza ndani kikiwaka, wanasugua nacho huku na huku, wanakung'uta majivu, na maziwa yakiwekwa humo hayaharibiki upesi na yanapata ladha. Mtoto wa kike hujifunza hilo kabla hajajua kushona shanga.

Nyuma ya karakana kulikuwa na makopo matupu ya oili ya gia, ya lita ishirini, yenye mdomo wa kupitisha ngumi na kifuniko cha kubana. Nilimwomba fundi mawili. Fundi alisema chukua, watayauza chuma chakavu hata hivyo. Nikamwambia yeyo asihangaike tena, Ijumaa atapata vyombo ambavyo hata hospitali hawana. Niliona uso wake ukifunguka, na nilijisikia mtu wa maana sana.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa maji. Wiki ile boila iliuzwa. Ilikuwa kitu cha kwanza kuondoka. Walikuja na lori, wakaing'oa, wakaacha shimo ukutani. Bila boila hakukuwa na maji ya moto. Fundi alinung'unika, akasema basi tuoshe kwa maji baridi mara mbili, na wanunuzi hawatajua tofauti. Kwa beringi ilitosha. Beringi haina mfuko, ni chuma kitupu, dawa inakauka yenyewe juani.

Lakini kopo si beringi. Kopo limekunjwa. Chini kabisa, pale bati la pembeni linapokutana na bati la kitako, limefungwa kwa mkunjo, na ndani ya mkunjo ule kuna njia nyembamba isiyofikiwa na brashi. Mimi nilimimina dawa ya kutosha, nikatikisa, nikamwaga, nikamimina tena, ili kusibaki hata alama ya oili. Dawa ikaingia mkunjoni. Maji baridi yakapita juu yake bila kuigusa, maana dawa ile na maji havikuchanganyika. Maji ya moto yangeifukuza. Sikuwa nayo, na sikuenda nyumbani kuchemsha sufuria moja.

Nikajaribu kwa maji. Yakatandaa kama shuka, bila hata tone. Nikaingiza pua mdomoni mwa kopo, nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Nikayaweka juani saa moja, kisha lori likapita likatimua vumbi, nikaona nitayachafua bure. Nikayafunika, nikabana vifuniko kwa kiganja. Hapo nilikuwa nimemaliza, kwa mikono yangu, kila kilichohitajika.

Yeyo alikuja Ijumaa. Alifungua kopo moja, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Kinanuka, rafiki," alisema.

"Kinanuka nini? Nimenusa mwenyewe. Hakina kitu."

"Kidogo. Kama beseni lako."

Nilicheka. Nilimwambia ni shuka lake linalonuka beseni langu, kwa jinsi anavyoketi hapa kila siku. Nikamimina maji mbele yake, nikamwonyesha yanavyotandaa, nikamweleza kwa utaratibu wote, kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza kwa makini. Alikuwa mtu anayependa kujua. Akasema sawa, wewe ndiye fundi, na ile harufu kidogo ataiondoa mwenyewe nyumbani. Sikumuuliza ataiondoaje. Nilijua wanavyosafisha vibuyu. Nilikuwa nimesimuliwa si mara moja. Ila akilini mwangu kibuyu kilikuwa kibuyu na kopo lilikuwa kopo, vitu viwili vya dunia mbili.

Jumamosi hakuja. Jumapili hakuna kazi. Jumatatu alikuja mke mwenzake, na vibuyu viwili mgongoni. Hakuamkia. Alisimama langoni akauliza ni yupi kati yetu mwenye kuosha makopo.

Alichosema nilikielewa nusu, kwa Kiswahili chake cha haraka, na fundi akanielewesha nusu nyingine. Jumamosi alfajiri yeyo alichoma kijiti chake mpaka kikawa kaa. Akalifungua kopo, akaona bado linanuka, akakipuliza kijiti kiwake vizuri zaidi kuliko kwa kibuyu, ili harufu ishindwe. Akakiingiza, akainama aone ndani. Walisikia mlio kama mlango uliobamizwa na upepo, wakaona moto wa rangi ya buluu ukitoka mdomoni mwa kopo na kuzima papo hapo. Haukuunguza hata nyasi. Ulikuwa na kazi moja tu. Mume alimpaka mafuta ya kondoo usoni, kama wanavyofanya kwa jeraha la moto, kisha wakamweka kwenye baiskeli mpaka hospitali Korogwe.

"Waswahili mna pua za udongo," mke mwenzake alimaliza. "Hata mbuzi angesikia."

Alipoondoka, fundi alinivuta ndani, akaniambia nifumbe macho. Alichukua vipande vitatu vya singa: kimoja akakichovya kwenye maji, kimoja kwenye mafuta ya taa, kimoja kwenye dawa. Akaniwekea puani kimoja kimoja. Nilivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nikamwambia vyote ni maji.

Aliketi juu ya pipa. Akawaita wale wanawake watatu, akawafanyia hivyohivyo. Mmoja alisikia mafuta ya taa, kwa mbali. Wengine wawili hawakusikia kitu. Nikachukua vile vipande nikamwomba fundi naye afumbe macho. Alikataa, akatabasamu vibaya.

"Mwanangu, mimi nilishaacha. Sijui tangu lini. Mke wangu ndiye anayeniambia kama chakula kimechacha."

Tulikuwa watu watano chini ya bati lile, na hapakuwa na pua nzima hata moja. Nasema hivi bila kumlaumu mzee yule. Hakuna aliyemwambia yeye pia. Ila ukifanya kazi yoyote ya dawa kali, na siku moja ukaona harufu haikusumbui tena, usifurahi kama mimi. Toka nje, mwombe mtu wa nje anuse kwa niaba yako, na umwamini.

Hospitalini nilikwenda mara mbili, na mara zote nilirudi mlangoni. Nilimwona kwa mbali, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Wauguzi walikuwa wakimhudumia vizuri. Mimi ndiye niliyekosa miguu.

Alipokwisha kurudishwa nyumbani ndipo nilipokwenda, nikiwa na sukari na majani ya chai, kwa njia ile aliyokuwa akiipita yeye kila siku. Nilitoka asubuhi nikafika jua la utosini, na nilikuwa nimechoka kama mgonjwa. Sikuwahi kujua kwamba ni mbali hivyo. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, kwenye kivuli cha ukuta. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa na ngozi yenyewe. La kushoto lilikuwa na ukungu. Alinijua kwa hatua.

"Ni rafiki wa makopo," alisema, na nilisikia mke mwenzake akicheka ndani.

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na yote yakapotea. Aliniuliza swali moja tu, kwa utulivu, kama mtu anayetaka kumaliza hesabu ndogo iliyomsumbua.

"Siku ile. Ulinusa kweli?"

"Nilinusa, yeyo. Pua yangu imekufa. Sikujua kwamba imekufa."

Kisha akasema basi tumebaki na pua yake na macho yangu, mtu mmoja mzima kwa wawili, na tungeweza kuolewa pamoja kwa mahari moja. Ilikuwa mzaha, na alitaka nicheke. Nilishindwa.

Kopo la pili lilikuwa nje ya ua wa miiba, limelala ubavu. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Aliniambia nilioshe pale, mbele yake. Yule mtu wa hoteli alikuwa bado anataka chombo cha chuma; alikuwa amemwambia mke mwenzake hivyo. Kama kopo lile lingekuwa safi, yeyo alisema, lingekuwa lake, na atakayelibeba kwenda mjini angekuwa anabeba kopo la yeyo, maziwa ya yeyo. Nilimwelewa. Lilikuwa jambo la mwisho alilobaki nalo kwenye njia ile.

Nikakoka moto mbali na kopo, nikachemsha maji. Nikamimina yakiwa yanatokota, nikatikisa, nikayaacha mkunjoni, nikamwaga. Nikamwita mke mwenzake anuse, kwa kuwa yeyo bado pua yake ilikuwa na kidonda. Akanusa, akakunja uso. "Bado." Nikachemsha tena. "Bado." Mara ya tatu alinusa kwa muda mrefu zaidi, na mimi nikamtazama uso kama mshitakiwa anavyomtazama hakimu. Sikuwa na njia ya kujua kama anasema kweli. Yeye ndiye angefaidika kopo likitupwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesema "hakina kitu" kwa moyo mweupe.

"Bado," alisema.

Debe la maji lilikuwa limefika chini. Maji yale yalitoka lambo, mwendo wa asubuhi nzima na punda. Nilinyanyua kata nichote yaliyobaki, na yeyo, ambaye hakuwa anaona vizuri lakini alisikia kata ikigusa bati, akanyoosha mkono.

"Acha, rafiki. Ndama hawajanywa."

Nililibeba kopo kurudi nalo, bila kifuniko, mdomo ukitazama upepo. Karakanani niliomba tindo na nyundo, nikatoboa matundu kuzunguka kitako chote, juu ya mkunjo, ili asiwepo mtu wa kulikuta na kulifikiria maziwa. Wiki iliyofuata wanunuzi walikuja wakakagua vyuma vyetu vilivyong'aa, wakasifu usafi, wakachukua robo yake. Vingine viliuzwa kwa uzito. Sisi wanne tulirudi nyumbani.

Mke mwenzake aliendelea kupita njia ile miaka mingi, na ndoo ya chuma aliyonunuliwa mjini. Maziwa ni yake. Yeyo sikumwona tena Korogwe. Nilikuwa nikimpelekea salamu, na salamu zilirudi.

Mimi sasa ni bibi. Wajukuu wananicheka kwa kuwa nikibandika maziwa siondoki jikoni. Nakaa kigodani mbele ya sufuria, natazama mpaka yapande. Nimewaambia sababu, polepole, tangu mwanzo, na kila siku mmoja wao ananusa kikombe kabla sijamkaribisha mgeni.